Paul Mauser

Peter Paul Mauser (Oberndorf am Neckar, 27 Juni 1838 – Oberndorf am Neckar, 29 Mei 1914) alikuwa fundi na mbunifu wa silaha kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa bunduki zenye komeo zilizotumiwa na majeshi ya nchi nyingi duniani, pamoja na bastola ya kujijaza yenyewe iliyotoka katika kiwanda chake mwaka 1896, maarufu kwa jina la C96.

Jina lake linahusika pia na historia ya pwani ya Tanzania. Bunduki zake zilifika Pangani na Tanga mwaka 1889 pamoja na jeshi la kikoloni la Ujerumani. Miaka 25 baadaye, katika Mapigano ya Tanga, askari Waafrika wa jeshi hilo walipigana wakiwa na matoleo mawili ya silaha zake: la zamani la mwaka 1871 na jipya la mwaka 1898.

Utoto na ujana

Mauser alizaliwa katika mji mdogo wa Oberndorf, kando ya mto Neckar, katika Ufalme wa Württemberg. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya watoto 13. Baba yake, Franz Andreas Mauser, alikuwa fundi katika kiwanda cha bunduki cha kifalme kilichoanzishwa mwaka 1811 ndani ya majengo ya monasteri ya zamani ya Waaugustino. Paul aliingia kiwandani humo akiwa bado mvulana, akajifunza kazi kwa mikono kama ndugu zake.

Mwaka 1859 aliitwa jeshini, akatumikia kikosi cha mizinga huko Ludwigsburg. Hapo alipata nafasi ya kuchunguza silaha za aina mbalimbali. Baadaye mwaka huohuo alirudi nyumbani na kuendelea na kazi kiwandani. Muda wake wa mapumziko aliutumia kwa majaribio yake mwenyewe pamoja na kaka yake Wilhelm (1834–1882). Paul alikuwa mbunifu. Wilhelm alikuwa hodari wa biashara, na ndiye aliyesafiri kuzungumza na maafisa na wanunuzi.

Bunduki ya mwaka 1871

Wakati ule Prussia ilitumia bunduki ya sindano ya Dreyse, ambayo risasi yake ilikuwa na ganda la karatasi. Gesi ya moto ilivuja nyuma na kumpiga mpigaji usoni. Mauser alitafuta njia ya kutumia ganda la metali linaloziba vizuri, na komeo ambalo linavuta pini ya kufyatulia pale askari anapoligeuza kwa mkono. Jeshi la Württemberg halikuvutiwa na kazi yake. Mmarekani Samuel Norris, wakala wa kampuni ya Remington, ndiye aliyewapa ndugu hao fedha na kuwapeleka Liège, Ubelgiji, mwaka 1867. Hati ya ubunifu ilitolewa Marekani mwaka 1868, lakini ushirikiano huo ulivunjika na ndugu hao wakarudi Oberndorf.

Baada ya Vita vya Ufaransa na Prussia, bunduki yao ilikubaliwa kuwa silaha ya askari wa miguu wa Dola jipya la Ujerumani, nayo ikaitwa Modeli 71. Ilikuwa na mtutu wa kipenyo cha milimita 11, ilipokea risasi moja tu kwa wakati, na ilitumia baruti nyeusi. Mwaka 1874 ndugu wa Mauser, wakisaidiwa na benki ya Württemberg, walinunua kiwanda kile ambamo baba yao alikuwa mfanyakazi. Sehemu ya majengo iliteketea kwa moto mwaka huohuo, ikajengwa upya.

Kutoka 1871 hadi 1898

Wilhelm alifariki mwaka 1882, na Paul akabaki kiongozi wa kazi. Mwaka 1884 Ujerumani ilipokea toleo la 71/84, lililokuwa na bomba la risasi 8 chini ya mtutu. Miaka miwili baadaye Ufaransa ilitoa bunduki ya Lebel yenye baruti isiyo na moshi, na silaha zote za baruti nyeusi zikawa za kale kwa ghafla.

Wajerumani walijibu kwa haraka kwa bunduki ya mwaka 1888, iliyobuniwa na kamati ya jeshi bila Mauser. Kwa kukosa kazi ya jeshi la nchi yake aliuza nje: kwa Milki ya Osmani tangu 1887, kwa Ubelgiji mwaka 1889, kwa Hispania mwaka 1893. Kila mkataba ulimpa nafasi ya kurekebisha kasoro. Magazini ya wima iliyojazwa kwa klipu ya risasi 5 ilitokea katika toleo la Ubelgiji. Katika toleo la Hispania risasi zilipangwa kwa kupishana ndani ya mwili wa bunduki, hata sanduku la magazini halikutokeza tena chini. Umakini wa toleo hilo ulionekana Kuba mwaka 1898, wakati Wamarekani walipopigwa nalo. Baadaye Marekani ilikubali kulipa dola 200,000 kwa kutumia hatimiliki za Mauser katika bunduki yake ya mwaka 1903.

Tarehe 5 Aprili 1898 jeshi la Ujerumani lilikubali Modeli 98, ambayo ndiyo kazi kuu ya maisha yake. Tofauti zake na Modeli 71 zilikuwa hizi:

- Risasi: milimita 7.9 badala ya 11, yenye baruti isiyo na moshi. Tangu kuletwa kwa risasi yenye ncha kali miaka michache baadaye, ilitoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 880 kwa sekunde, mara mbili ya ile ya zamani.
- Magazini: risasi 5 zilizojazwa kwa klipu kwa msukumo mmoja. Mwenye Modeli 71 alipaswa kutia mkono kwenye mkoba baada ya kila risasi.
- Komeo: vishikizo viwili vya mbele na cha tatu cha akiba nyuma.
- Usalama: matundu ya kupitishia gesi pembeni endapo ganda litapasuka, na ukingo mpana wa kulinda uso wa mpigaji.

Bastola ya C96

Katika miaka ya 1890 mafundi wengi walijaribu kutengeneza bastola inayotumia nguvu ya mlipuko kujijaza yenyewe. Bastola ya Hugo Borchardt ya mwaka 1893 ilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Kule Oberndorf ndugu watatu wa ukoo wa Feederle, waliofanya kazi katika karakana ya majaribio, walibuni bastola yao. Mauser aliiombea hatimiliki kwa jina lake mwaka 1895, kama ilivyokuwa desturi ya viwanda wakati ule. Agosti 1896 ilionyeshwa mbele ya Kaisari Wilhelm II.

Bastola hii inapofyatuliwa, mtutu na komeo hurudi nyuma pamoja kwa umbali mfupi vikiwa vimefungana. Kisha komeo hufunguka, hulitoa ganda tupu, na springi hulirudisha mbele likiwa limechukua risasi mpya. Kila risasi huhitaji kuvuta kifyatulio upya. Magazini ya risasi 10 iko mbele ya kifyatulio, nayo hujazwa kwa klipu kutoka juu. Mpini wake wa mviringo uliifanya iitwe bastola ya mpini wa ufagio katika nchi zinazosema Kiingereza. Ala yake ya mbao iliweza kufungwa nyuma ya mpini ikawa kitako cha kuegemeza begani. Sehemu zake za chuma zimeshikana zenyewe kama fumbo: skrubu pekee ni ile inayoshikilia vibao vya mpini.

Risasi yake ya milimita 7.63 ilitoka kwa kasi ya karibu mita 440 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na kasi ya bunduki ya 1871, ingawa risasi yenyewe ilikuwa nyepesi zaidi.

Matoleo ya awali na ya baadaye

Umbo la C96 lilibadilika kidogo sana kwa miaka 40, kiasi kwamba mtu asiyeijua hudhani zote ni moja. Tofauti kuu zilikuwa katika nyundo, kizuizi cha usalama na mtutu:

- Nyundo: bastola za kwanza zilikuwa na nyundo ya umbo la pia. Karibu na mwaka 1899 ikaja nyundo yenye pete kubwa, ambayo ikiwa imelala huziba kilengeo, hivyo mpigaji hujua mara moja kwamba silaha haiko tayari. Baada ya miaka michache pete ndogo ikachukua nafasi yake.
- Kizuizi cha usalama: katika aina ya zamani kilifungwa kwa kusogeza kijiti tu. Katika aina mpya, iliyoanza kutumika muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, nyundo lazima ivutwe nyuma kidogo kwanza. Bastola hizo zina herufi NS nyuma ya nyundo, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya usalama mpya.
- Mtutu: michirizi ya ndani inayozungusha risasi ilikuwa 4 katika bastola za zamani, ikawa 6 katika zile za baadaye.
- Kipenyo: mwaka 1916 jeshi la Ujerumani, likiwa na uhaba wa silaha, liliagiza bastola 150,000 za milimita 9. Namba 9 ilichongwa kwenye mpini na kupakwa rangi nyekundu ili askari wasizijaze risasi za milimita 7.63.
- Urefu: baada ya Mkataba wa Versailles zilitengenezwa bastola zenye mtutu mfupi wa chini ya milimita 100.
- Ufyatuaji: toleo la mwaka 1932 lilikuwa na magazini ya kuchomoa na swichi ya kupiga mfululizo, kwa hiyo halikuwa tena bastola ya nusu otomatiki tu.

Jeshi la Ujerumani halikuichukua C96 kuwa bastola yake ya kawaida. Mwaka 1908 lilichagua ile ya Georg Luger, yenye magazini ndani ya mpini. Wanunuzi wa C96 walikuwa hasa maafisa waliojinunulia wenyewe, pamoja na serikali za nje, na baadaye China kwa wingi sana. Winston Churchill aliibeba katika mapigano ya Omdurman, Sudan, tarehe 2 Septemba 1898. Zilitengenezwa takriban milioni moja hadi uzalishaji ulipokoma katika miaka ya 1930.

Siasa na miaka ya mwisho

Mauser alikuwa mbunge wa Reichstag kuanzia 1898 hadi 1903 kwa tiketi ya chama cha Wanaliberali wa Kitaifa. Hata hivyo hakuacha karakana. Lengo lake la uzeeni lilikuwa bunduki kubwa ya askari wa miguu inayojijaza yenyewe kama ile bastola. Mwaka 1901 bunduki ya majaribio ilimlipukia, akapoteza jicho moja. Aliendelea na majaribio, lakini hakufanikiwa kupata bunduki ambayo jeshi lingeikubali.

Mwaka 1912 Mfalme wa Württemberg alimpa cheo cha ukabaila. Alifariki Oberndorf tarehe 29 Mei 1914, miezi miwili kabla ya kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Silaha zake katika Afrika Mashariki

Pwani, 1889

Modeli 71 ilianza kuondolewa katika vikosi vya Ujerumani baada ya mwaka 1888, na maghala yakabaki na shehena kubwa ya bunduki zisizohitajika. Wakati huohuo wakazi wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, walikuwa wameinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1889 Hermann Wissmann alifika na jeshi la Wasudani waliokusanywa Misri na watu kutoka Msumbiji, na silaha yao ilikuwa Modeli 71. Pangani na Tanga zilitekwa Julai 1889. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huohuo.

Dhidi ya magobole ya kujazwa mdomoni, bunduki iliyokwisha kuwa ya kale Ulaya ilikuwa na nguvu ya kutosha. Ndiyo maana serikali ya kikoloni haikuona haja ya kuibadilisha. Ilitumika katika vita dhidi ya Wahehe na katika Vita vya Maji Maji (1905–1907), ambako wapiganaji wengi waliifuata mitutu hiyo kwa imani kwamba risasi zitageuka maji.

Reli na Muheza

Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Njia ilifika Muheza, kilomita 40 kutoka baharini, mwaka 1896, mwaka uleule C96 ilipotokea Oberndorf. Korogwe ilifikiwa 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Reli ilijengwa kwa ajili ya mashamba, lakini vita vilipokuja iliweza kushusha askari kutoka Kilimanjaro hadi bandarini kwa muda mfupi.

Mapigano ya Tanga

Vita vilipoanza Agosti 1914, jeshi la koloni (Schutztruppe) lilikuwa na kompania 14 na askari Waafrika takriban 2,500. Kompania zaidi ya nusu bado zilikuwa na Modeli 71. Tarehe 2 Novemba meli za Waingereza zilifika mbele ya Tanga zikiwa na takriban watu 8,000, wengi wao kutoka Uhindi, nao wakaanza kushuka Ras Kasone. Paul von Lettow-Vorbeck aliharakisha kompania zake kwa treni kutoka Moshi. Njiani alipita Muheza, ambako waliojeruhiwa katika mapigano ya mwanzo walikuwa tayari hospitalini, na kutoka kwao akapata habari za hali ya Tanga.

Katika pambano kubwa la tarehe 4 Novemba watu wake takriban 1,000 waliwashinda wavamizi. Hata hivyo ushindi huo ulionyesha udhaifu wa silaha za kale. Kila askari wa Modeli 71 alipofyatua, wingu la moshi mweupe lilipanda juu ya kichwa chake na kumwonyesha adui mahali alipo, kisha akalazimika kutia risasi nyingine huku mwenzake wa Modeli 98 akiwa na nne zaidi tayari. Kosa la kuchelewesha silaha mpya lilikuwa la serikali ya Berlin. Hatari yake ilimwangukia askari wa Kiafrika.

Waingereza walipoondoka waliacha mali nyingi ufukweni. Kwa hesabu ya Lettow-Vorbeck mwenyewe zilipatikana bunduki za kisasa za kutosha kompania tatu, risasi 600,000 na bunduki za rashasha 16. Hivyo baadhi ya askari waliiacha Modeli 71 kwa kuchukua bunduki ya Kiingereza.

Kutoka Manza hadi mwisho wa vita

Mapigano ya Jasini, karibu na mpaka wa Kenya, Januari 1915, yalikula risasi takriban 200,000, na Lettow-Vorbeck akaona kwamba hawezi kupigana hivyo mara nyingi. Aprili 1915 meli Rubens, iliyosafiri kwa jina la uongo la Kronborg, ilikimbizwa na manowari ya Kiingereza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama kwenye maji mafupi. Wapiga mbizi waliokoa sehemu kubwa ya shehena, zikiwemo bunduki takriban 1,800 za Modeli 98. Risasi zilikuwa zimelowa. Zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa na kujazwa upya. Kwa mara ya kwanza askari wengi wa koloni walipata silaha iliyokuwa ya kawaida Ujerumani kwa zaidi ya miaka 10.

Katikati ya mwaka 1916 Waingereza waliteka njia yote ya reli ya Usambara, Muheza na Tanga zikiwa humo. Modeli 71 iliendelea kubebwa kusini na vikosi vingine hadi Novemba 1917, wakati Wareno waliposhindwa Ngomano, na silaha zao zikachukuliwa na askari wengi. Jeshi hilo lilipoweka silaha chini huko Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, lilikabidhi bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno. Bunduki za Kijerumani zilikuwa zimekwisha njiani kwa kuharibika na kukosa risasi.

Gharama ya safari hiyo haikuishia kwa wenye bunduki. Risasi zilibebwa na wapagazi, maelfu kwa maelfu pande zote mbili, na vifo vyao kwa njaa na magonjwa vilizidi sana vile vya askari waliouawa vitani.

Urithi

Komeo la Modeli 98 lilibaki msingi wa bunduki ya jeshi la Ujerumani hadi mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na bado linafuatwa katika bunduki nyingi za kuwindia. Kampuni aliyoiacha ilipita mikononi mwa wamiliki mbalimbali, na Oberndorf kuna makumbusho yanayoonyesha silaha za mji huo tangu siku za kiwanda cha kifalme. Bastola za C96 hutafutwa na wakusanyaji, ambao hutambua umri wake kwa kutazama nyundo, kizuizi cha usalama na michirizi ya mtutu.

Kwa Afrika Mashariki urithi wake ni wa namna nyingine. Mauser hakuwahi kujulikana pwani kama mtu, bali kazi yake ilikuwa ndani ya chuma kilichotumiwa kuiteka nchi, na baadaye katika vita ambavyo wenyeji hawakuvianzisha. Toleo alilokuwa amelipita kwa kazi yake mwenyewe mwaka 1898 lilikuwa bado mikononi mwa askari wa Tanga alipofariki.

Tazama pia

- Mapigano ya Tanga
- Paul von Lettow-Vorbeck
- Abushiri bin Salim al-Harthi
- Afrika ya Mashariki ya Kijerumani
- Muheza